Doa la Kahawia Kwenye Bureti: Kusafisha Vyombo vya Kioo vya Maabara kwa Vitu vya Nyumbani

(Mada kwa semina ya wahudumu wa maabara za shule za sekondari, Jinja)

Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi ya kutakatisha vyombo vya kioo kwa vitu vya jikoni na vya dukani. Nitakayosema yametokana na kazi. Si mwongozo wa Wizara ya Elimu wala wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Shule yenye taratibu zake za usalama izifuate hizo kwanza.

Aina za uchafu

Haya tunayajua, nitapita haraka. Mafuta huondoka kwa sabuni na maji ya moto. Utando mweupe unaobaki baada ya kupima kaboni dayoksaidi kwa maji ya chokaa huyeyuka kwa siki, na utaona mapovu. Kutu hutolewa kwa limau, iodini kwa kidonge cha vitamini C kilichosagwa majini. Flaski yenye shingo nyembamba itie punje za mchele na maji ya sabuni, uitikise. Maji ya bomba hapa Jinja yanatoka Ziwa Victoria, nayo ni laini, kwa hiyo magamba ya chokaa hayatusumbui kama yanavyowasumbua wenzetu wa visima vya pampu. Kipimo cha usafi ni kimoja: jaza maji, mwaga. Yakiteremka kama utando mmoja, chombo kimetakata. Yakibaki matone matone, rudia.

Doa la kahawia

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Tangu masomo ya sayansi yafanywe ya lazima hadi Senior Four kwa sera ya 2005, maabara zetu zimejaa watoto, na baadhi yao husonga mbele hadi Senior Six, ambako bureti hujazwa potasiamu pamanganeti. Kipindi kikiisha kengele inalia, mwalimu anaondoka, bureti zinaachwa zimesimama na dawa yake ndani hadi kesho, pengine hadi Jumatatu. Pamanganeti ikikaa huharibika taratibu, na mwanga huiharakisha, ikaacha manganizi dioksaidi: ule ukoko wa kahawia unaoshika ukutani na kuficha mistari ya vipimo. Sabuni haiutoi. Magadi hayautoi. Siki peke yake haiutoi pia, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wameambiwa siki ni dawa ya kila doa.

Akishakata tamaa, mhudumu hufanya moja kati ya mawili. La kwanza ni kusugua kwa mchanga, jivu au brashi ambayo waya wake umechomoza. Mchanga wa ufukweni ni kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kioo cha kawaida ni kama 5.5. Doa linatoka, lakini linatoka na kioo. Bureti ya mililita 50 ya daraja B inaruhusiwa kukosea mililita 0.1 tu; ikichubuka ndani, matone hung'ang'ania ukutani, na mtoto anapoteza alama kwa kosa ambalo si lake.

La pili ndilo linaloninyima usingizi: kumimina asidi haidrokloriki kali. Inafanya kazi, tena upesi, na ndiyo maana siwezi kuwashawishi watu waiache. Lakini manganizi dioksaidi na asidi hiyo ndivyo alivyovitumia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774 alipoipata gesi ya klorini kwa mara ya kwanza. Ikiwa bado kuna pamanganeti kidogo ndani, gesi hutoka hata bila moto. Tunawafundisha wanafunzi njia hiyo ubaoni, tunawaonya kwamba klorini ina sumu, kisha tunaingia stoo yenye dirisha moja lililopigiliwa misumari kwa kuogopa wezi na kuitengeneza juu ya sinki. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hutuama chini, pale aliyeinama anapovutia pumzi. Nimeyasema haya kwenye vikao vingi. Jibu ninalopewa ni kwamba hakuna fedha za dawa maalumu.

Fedha hazihitajiki, wapendwa. Doa hili linahitaji kitu chenye uchachu ambacho pia kinaweza kuipokonya manganizi oksijeni yake. Maji ya limau yana sifa zote mbili, ila yanakwenda polepole. Yaache usiku kucha. Vitamini C ya duka la dawa, kidonge cha miligramu 500 kilichosagwa kwenye nusu glasi ya maji, ni ya haraka zaidi. Haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda ikichanganywa na siki nayo hufanya kazi vizuri. Bila siki itatoa povu jingi la kukufurahisha macho, na doa litabaki pale pale. Mchanganyiko huo utumie papo hapo, usiufungie kwenye chupa.

Na kuna dawa ya bure kabisa. Ile asidi oksaliki, au ile dawa ya chuma(II) yenye asidi ndani yake, inayobaki bila kutumika baada ya jaribio la pamanganeti, ndiyo hasa adui wa doa hili. Tunaimwaga kwenye sinki kila wiki!

Mapendekezo

Kwanza, bureti ioshwe kabla ya wanafunzi kutoka maabara, si kesho. Mwalimu aache dakika tano za mwisho kwa kazi hiyo, na mwalimu mkuu azitambue hizo kuwa sehemu ya kipindi. Masalio ya asidi oksaliki na ya chuma(II) yakusanywe kwenye chupa yenye lebo. Oksaliki ni sumu, kwa hiyo chupa za soda zisitumike.

Asidi haidrokloriki kali isitumike kusafishia doa la pamanganeti, kwa hali yoyote. Narudia kwa kuwa nimesharudia sana: isitumike. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, nayo isikutane na siki, limau wala asidi yoyote, maana matokeo ni klorini ileile. Madirisha ya stoo yafunguke. Nondo zitazuia wezi bila misumari.

Mchanga, jivu na waya wa kusugulia sufuria vipigwe marufuku maabara. Sodiamu haidroksaidi nayo isilale ndani ya bureti, hasa kuelekea likizo, kwa sababu hula kioo na kukiachia ukungu, tena hugandisha bomba la bureti. Ukungu wa namna hiyo hauna dawa. Ukikiosha chombo kwa siki, ukakisuuza, na ukungu ukarudi kila kioo kinapokauka, andika chombo hicho kwenye daftari la vilivyoharibika, acha kukisugua. Kwa wanaotumia visima, maji ya mvua yanafaa kusuuzia mara ya mwisho.

Walimu wakuu, naomba fungu dogo la limau na vitamini C liingie kwenye bajeti ya muhula kwa jina lake. Nimewahi kuona ombi la namna hiyo likirudishwa na mhasibu aliyeandika pembeni kwamba shule hainunui matunda ya wafanyakazi.

Na bureti ioshwe siku hiyo hiyo.

Baada ya chai tutafanya kwa vitendo kwenye meza za karibu na madirisha. Waliokuja na bureti zao zenye doa wazilete bila kuzisugua.