Mkanda wa Jeshi Unapoanzia Tumboni

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi ya dayosisi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kata ya Titye, wilaya ya Kasulu)



Ugonjwa tunaouzungumzia mnaufahamu. Malengelenge hujipanga upande mmoja wa mwili, yanaunguza kama moto, na kwa kuwa hupita mahali askari anapofunga mkanda, ugonjwa ukapata jina hilo. Tusilolizoea ni kwamba mara nyingi maumivu hutangulia malengelenge kwa siku mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Siku hizo mgonjwa hana alama yoyote. Analalamikia tumbo tu. Akiumwa chini kulia hudhaniwa ni kidole tumbo, akiumwa juu hudhaniwa vidonda vya tumbo. Anapewa dawa ya minyoo, kisha mitishamba, halafu ndipo mstari unatokea na watu wanasema amerogwa.

Hajarogwa. Aliyewahi kuugua tetekuwanga hubaki na virusi vyake, vimelala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Kinga ikipungua kwa uzee, VVU au kansa, virusi huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu huzunguka kutoka mgongoni kuja mbele. Basi mwulizeni mgonjwa: ni upande mmoja tu? Hata kanga ikigusa ngozi inauma? Mwangalieni tumbo na mgongo. Lakini msimweke nyumbani mkisubiri malengelenge, kwa sababu kidole tumbo cha kweli nacho huua.

Kuna wachache ambao ugonjwa hauishii kwenye ngozi. Mishipa inayoendesha utumbo nayo huguswa, utumbo ukalegea kana kwamba umeziba: tumbo linajaa, choo hakitoki, hewa haitoki, mgonjwa anatapika. Malengelenge yakiwa matakoni au sehemu za siri, choo na hata mkojo vinaweza kufunga. Wengine misuli ya tumbo hulegea upande mmoja, pakavimba kama ngiri. Na kwa mwenye kinga dhaifu sana, virusi vinaweza kushambulia umio, tumbo lenyewe na ini. Mgonjwa wa namna hii asilazwe kwenye mkeka akipewa uji. Apelekwe hospitali, Kabanga au Kasulu mjini, siku hiyohiyo.

Wazee husema mkanda ukikutana mbele na nyuma mtu hufa. Hawakusema bure kabisa. Kukutana kwenyewe hakuui, ila malengelenge yanapovuka upande wa pili au kutapakaa mwilini, kinga imeshuka mno.

Dawa ipo, inaitwa asaikloviri. Mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Siku tatu tu, ndugu zangu, na ndizo tunazozimaliza kwenye chale na majivu.

Kila mwenye mkanda ashauriwe kupima VVU, hasa akiwa kijana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera, jirani zetu, mwaka 1983, na utafiti wa Kinshasa uliochapishwa 1988 ulionyesha kuwa wengi mno wa wagonjwa wa mkanda wa jeshi walikuwa na VVU. Wakati ule kupima kulikuwa kama kusomewa hukumu. Tangu 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure. Pia, baadhi ya walioanza ARV hutokewa na mkanda katika miezi ya mwanzo. Wasiache dawa, kinga yao inaamka. Msimseme mtu hadharani, maana wapo wazee wengi wanaougua mkanda bila VVU.

Limebaki la nauli. Kutoka huku hadi hospitali, hasa masika, pikipiki si bei ndogo, na siku tatu hazisubiri mavuno. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyopo hapa vikae leo kabla hatujatawanyika, viamue kama mfuko wa jamii unaweza kumkopesha mgonjwa nauli siku ileile anayoihitaji.