Kipindi cha Dini Shuleni: Nani Anakiangalia?

(Mazungumzo haya yalisomwa na kikundi chetu cha wahitimu wa kisomo mbele ya wenzetu wa vijiji vya Handeni na Korogwe. Tunayachapa hapa ili wayasome na wale waliokosa kufika.)

Ndugu zetu, asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ninyi mnaoshika mila za wazee, hamjambo.

Tumewasalimu kwa namna tatu kwa sababu hivyo ndivyo vijiji vyetu vilivyo. Katika ukoo mmoja utamkuta kaka anakwenda msikitini, dada anaimba kwaya kanisani, na babu yao hakosi kwenye tambiko. Wote wanakula bada katika sinia moja. Watoto wao wanakwenda shule moja. Leo tunataka kuzungumza juu ya shule hiyo, hasa kipindi cha dini. Nani anakifundisha? Nani anakiangalia? Na sisi wazazi tuna kazi gani hapo?

YALIYOTUPATA

Tutaanza na habari yetu wenyewe. Shule hatutaitaja. Dini nayo hatutaitaja, kwa sababu jambo hili lingeweza kutokea upande wo wote.

Msimu uliopita wa mahindi, binti mmoja wa darasa la tano alirudi nyumbani akiimba. Wimbo ulikuwa wa dini ya majirani. Baba yake akamwuliza, "Huo umejifunza wapi?" Mtoto akajibu, "Shuleni, kipindi cha dini." Baba hakusema neno. Asubuhi yake binti akavaa sare. Baba akamwambia, "Vua hiyo. Twende shambani."

Wiki ile ile wazazi wengine wawili wakafanya kama yeye. Siku ya gulio maneno yakawa makubwa. Ati watoto wanabadilishwa dini kwa siri. Ati mwalimu mkuu amelipwa. Wengine wakaanza kupita meza ya nyanya ya jirani wa dini ile kana kwamba hawamwoni. Na sisi wa kisomo, tuseme kweli, tulikuwa miongoni mwa waliosema. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda shuleni kuuliza.

Mwisho alikwenda mama mmoja wa kikundi chetu, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, nje ya ofisi. Kila siku tunapita pale. Mama akaifuata kwa kidole mpaka Jumatano, kipindi cha mwisho. Akasoma: "Dini – wote."

Kumbe shida ilikuwa katika neno hilo "wote". Zamani walikuwapo walimu wawili wa dini, mmoja kwa kila upande. Mmoja akahama kumfuata mwanawe Mombo. Hakuna aliyemtafuta mwingine. Shule ina walimu wachache, na mwalimu mkuu hakuwa na mtu wa kukaa na watoto waliobaki. Basi akawaweka wote chumba kimoja.

Siri haikuwapo. Malipo hayakuwapo. Ulikuwapo uzembe, tena uzembe wa watu wengi: wa shule, wa kamati ya shule, wa viongozi wa dini iliyokosa mwalimu, na wetu sisi wazazi. Lakini kosa lilikuwa kosa. Mtoto alifundishwa ibada ya dini nyingine, na mzazi wake hakuulizwa.

Binti yule alikaa nyumbani wiki saba. Mtihani wa muhula ukampita. Hesabu za sehemu zikampita. Sasa amerudi, na mmoja wetu anamfundisha jioni ili awafikie wenzake. Wakubwa waligombana, na aliyelipa ni mtoto.

TULIKOTOKA

Jambo hili si geni katika mkoa wetu wa Tanga. Wajerumani walipokuja, wamisionari walikuwa wamekwisha kufungua shule Magila, huko Muheza. Baadaye misheni zilienea mpaka Korogwe na Kideleko katika Handeni. Shule hizo ziliwafumbua macho wazee wengi. Lakini kusoma na dini vilikwenda pamoja. Mzazi Mwislamu aliogopa kwamba mtoto akienda kutafuta herufi atarudi na jina jingine. Wengi waliwaacha watoto wao madrasa tu.

Wajerumani wenyewe waliliona hilo. Katika miaka ya 1890 walikuwa na shule ya serikali pale Tanga mjini, isiyokuwa ya misheni, na Waislamu wengi wa pwani wakasoma hapo. Walipokuja Waingereza, tangu miaka ya 1920 serikali yao ilizipa ruzuku shule za misheni zilizofuata masharti yake. Madrasa hazikupata. Hivyo nchi ilipojitawala mwaka 1961, upande mmoja ulikuwa na wasomi wengi kuliko mwingine. Wazee waliyajua hayo, na wengine yaliwauma.

Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikuwa jambo kubwa. Shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zilichukuliwa na serikali zikawa za wananchi wote. Dini haikufukuzwa shuleni. Ilipewa kipindi chake, na kazi ya kufundisha ikaachiwa watu wa dini wenyewe. Mwalimu wa serikali afundishe hesabu. Shehe, padri, mchungaji au katekista afundishe watu wake.

SHERIA INASEMAJE

Jamani, sisi tunajua kusoma. Tusingoje kuambiwa.

Katiba ya mwaka 1977 inasema katika ibara ya 3 kwamba nchi yetu haifungamani na dini yo yote. Ibara ya 19 inasema kila mtu ana uhuru wa imani, na kwamba kueneza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu mwenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 nayo inakataza mtu kunyimwa elimu kwa sababu ya dini yake.

Yaweke hayo pamoja. Shule haiwezi kumlazimisha mtoto aabudu kwa dini isiyo yake. Vile vile shule haiwezi kumfukuza kwa sababu ya dini yake. Na mzazi naye akumbuke: dini isiwe sababu ya kumtoa mtoto shuleni. Baba wa binti yule alikuwa na haki ya kukasirika. Kumnyima mwanawe hesabu na Kiswahili kwa kosa la kipindi kimoja cha Jumatano, hapo alikosea.

WENZETU WANAFANYAJE

Kenya, wenzetu wana masomo ya dini yenye mitihani ya taifa: ya Kikristo, ya Kiislamu, na hata ya Kihindu. Hapa kwetu pia, katika shule za sekondari, Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu hutahiniwa na Baraza la Mitihani.

Uingereza wana mpango mwingine, nao unafaa tuutazame. Kule kipindi cha dini kinaangaliwa na wenyeji wa kila eneo. Sheria yao ya mwaka 1944 ilitaka kila eneo likubaliane juu ya mambo yatakayofundishwa. Sheria ya mwaka 1988 ikalazimisha kila eneo liwe na baraza la ushauri juu ya somo hilo. Baraza lina makundi manne: Kanisa la Anglikana, madhehebu mengine ya Kikristo pamoja na dini nyingine, walimu, na madiwani.

Sikilizeni hapa. Inapopigwa kura, kila kundi lina kura moja. Hawahesabu vichwa. Hivyo kundi lenye watu wengi haliwezi kulimeza lenye watu wachache. Tena baraza linatakiwa kutoa taarifa ya maandishi kila mwaka. Na mzazi asiyetaka mtoto wake akae katika kipindi cha dini anaweza kumwondolea kipindi hicho. Mtoto anabaki shuleni.

Hatusemi tuige yote. Wale wana mambo yao na sisi tuna yetu. Lakini tumechukua mawili: kura ya kundi, na taarifa ya maandishi.

TULIVYOAMUA

Mama yule alipotuletea habari ya ratiba, tuliandika barua kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Ilikuwa barua fupi, mistari sita. Tuliomba mkutano. Ukaitishwa. Wakaja wazazi, walimu, mtendaji wa kijiji na viongozi wa dini zote mbili. Wazee wawili wa mila nao wakaalikwa.

Palikuwa na kelele kwanza. Kisha baba wa binti akasimama, akasema, "Mimi sikatai mwanangu ajue jirani anaabudu vipi. Tunazikana, tunaalikana harusini, atakosaje kujua? Ninachokataa ni kumfanyisha ibada bila mimi kujua."

Maneno hayo yalitupa njia. Yako mambo mawili, na tulikuwa tunayachanganya. La kwanza ni kumfundisha mtoto dini yake, yaani sala, imani na ibada. Hilo ni la watu wa dini ile na watoto wao. La pili ni kumweleza mtoto habari za dini za watu: Ramadhani ni nini, Kwaresima ni nini, tambiko ni nini, Wahindi wa mjini wanaabudu vipi. Hilo mwalimu ye yote anaweza kulieleza, na linamfaa kila mtoto. Kujua habari za dini siyo kuifuata.

Mkutano ukakubaliana mambo matano, yakaandikwa katika muhtasari:

1. Ratiba ioneshe kila dini na chumba chake. Neno "wote" lifutwe.

2. Kila mwalimu wa dini aletwe kwa barua ya viongozi wa dini yake. Akifika asaini kitabu cha wageni. Kamati imjue.

3. Mzazi aandike mwanzoni mwa mwaka mtoto wake ataingia kipindi gani. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu wa kisomo, na asomewe kabla ya kuweka dole gumba.

4. Dini isiyo na mwalimu, viongozi wake wapewe mwezi mmoja wa kumtafuta. Wakati huo watoto wake wasome vitabu chini ya mwalimu wa zamu. Wasichoteshwe maji wala kulimishwa, maana hiyo itakuwa kama adhabu.

5. Jambo la dini likiletwa katika kamati, kila upande uwe na kura moja, hata kama una watoto wanne tu.

Tena tulikubaliana juu ya mpaka wa kamati. Kamati haisemi dini ipi ni ya kweli. Kamati haimfundishi shehe Kurani wala mchungaji Biblia. Inaangalia muda, chumba, jina la mwalimu, na hiari ya mzazi. Ikisikia mwalimu wa dini anawatukana watu wa dini nyingine mbele ya watoto, inamwita na kumwonya. Akirudia, inawaandikia viongozi wake na kumjulisha afisa elimu wa kata.

Jambo moja bado halijakwisha. Watoto wa wazee wa mila hawana mwalimu wala kipindi. Kwa sasa wanasoma vitabu saa ile. Mzee mmoja alituuliza, "Na sisi tukimleta mtu wa kueleza habari za ukoo na miiko yetu, mtampa chumba?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Swali lake limeandikwa, na litajibiwa mkutano ujao.

KAZI YETU

Ndugu zetu, tulipokuwa hatujui kusoma, ratiba ile ukutani ilikuwa ya walimu. Sasa ni yetu pia. Siku moja wiki hii nenda shuleni kwenu. Salimu vizuri, piga hodi ofisini. Omba uoneshwe ratiba. Tafuta kipindi cha dini. Soma nani anafundisha, lini, na chumba gani. Ukiona jambo hulielewi, muulize mwalimu mkuu, kwa kuwa yeye ndiye katibu wa kamati ya shule. Usipopata jibu, lipeleke kwa mwenyekiti wa kamati, kwa maandishi. Mkutano mkuu wa kijiji nao upo kila baada ya miezi mitatu. Lisemwe huko, kabla halijasemwa kwenye gulio.

Na kabla ya kumtoa mtoto shuleni kwa hasira, kumbukeni wiki saba za binti yule.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika shule yenu, nani anafundisha kipindi cha dini? Mnamjua kwa jina?

2. Watoto wasio na mwalimu wa dini yao wanafanya nini saa hiyo?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumfundisha mtoto dini na kumweleza habari za dini? Toeni mfano wa kila moja.

4. Mngemjibu nini yule mzee wa mila?