Liselotte, Binti Aliyeozwa kwa Wakili

Leo tuko Heidelberg, Ujerumani, kando ya mto Neckar. Hapo mwaka 1652 alizaliwa Elisabeth Charlotte, ambaye kwao walimwita Liselotte. Baba yake, Karl Ludwig, alitawala jimbo la Pfalz. Jirani yake alikuwa Ufaransa ya Louis wa 14, na ukiwa na jirani wa namna hiyo hulali usingizi. Baba akaona kinga ni kumwoza binti.

Mume alikuwa Philippe wa Orléans, mdogo wake mfalme, mgane aliyefiwa na mkewe mwaka mmoja tu nyuma. Novemba 1671, mjini Metz, Liselotte mwenye miaka 19 aliacha Uprotestanti akawa Mkatoliki, kisha akaozwa kwa wakili. Bwana harusi hakuwepo.

Philippe alipenda vito, manukato na vijana wa kiume waliomzunguka. Liselotte alipenda farasi, mbwa na mawindo. Walizaa watoto watatu, mmoja akafa mdogo, halafu kila mtu akahamia chumba chake. Liselotte hakusikitika, tena alisema wazi.

Alichokikosa ni kwao. Chai, kahawa na chokoleti za ikulu ya Versailles hakuzitaka; alitamani supu ya bia, soseji na kabichi iliyochachushwa. Basi akakaa na kalamu. Alimwandikia shangazi yake Sophie, kule Hannover, kurasa kwa kurasa za umbea wa ikulu. Watu wa mfalme walizifungua barua njiani. Alijua, na ulimi haukupungua makali.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 1685 kaka yake Liselotte, aliyemrithi baba yao Pfalz, alifariki bila mtoto. Louis akadai sehemu ya Pfalz kama urithi wa shemeji yake. Shemeji mwenyewe hakuulizwa. Mwaka 1688 majeshi ya Louis yakavuka mpaka. 1689 Heidelberg na Mannheim zikateketezwa, na 1693 Heidelberg ikachomwa tena. Ndoa iliyofungwa ili kuikinga nyumba ya baba ndiyo iliyotoa kisingizio cha kuichoma. Liselotte aliandika kwamba kila akianza kusinzia aliiona ile miji katika uharibifu wake. Mchana alitakiwa kukaa karamuni pamoja na aliyetoa amri.

Alifariki Saint-Cloud mwaka 1722, mwanawe akiitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme mtoto. Heidelberg hakuiona tena. Magofu ya ngome ya baba yake yapo hadi leo, juu ya mto.