Bima Mpya ya Afya na Sanduku Letu la Wagonjwa

Maneno yaliyosomwa na Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri



Mkutano wa mwaka uliopita ulituagiza tuchunguze jambo moja. Kwa kuwa Serikali imeleta bima mpya ya afya, je, Sanduku letu la Wagonjwa lingali na kazi? Wako wanachama waliosema livunjwe na fedha zake zigawanywe. Wako wazee waliosema lisiguswe hata senti. Kura itapigwa leo alasiri, nasi twaona ni wajibu wetu kueleza tuliyoyachunguza kabla mtu hajainua mkono wake.

Bima ya hospitali si jambo geni katika nchi hii. Ilianzishwa kwa sheria mwaka 1966, kwanza ikiwa idara ndani ya Wizara ya Afya, na sheria ya mwaka 1998 ikaifanya shirika lenye kusimama lenyewe. Hiyo ndiyo NHIF tuliyoizoea. Mwalimu na karani walikatwa mishahara, na mkulima aliyetaka alijiunga kwa hiari. Tangu mwaka 2015 alitoa Sh. 500/- kwa mwezi. Aliyejiunga alipata nafuu. Lakini wengi katika vijiji vyetu hawakujiunga, au walijiunga siku mgonjwa alipokwisha lala kitandani, na hapo tena ikawa ni kuitisha mchango, kuuza ng'ombe, na kuweka hati ya shamba rehani.

Nyeri yetu ilipata bahati ya kuonja mapema. Tarehe 13 Desemba 2018 Serikali ilizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne, nazo ni Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Sisi tulichaguliwa kwa sababu isiyo ya kujivunia: maradhi ya sukari na shinikizo la damu yamezidi kwetu. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma, na kila mmoja wetu aliyekwenda hospitali kuu ya mjini siku zile akumbuka urefu wa foleni. Watu waliokuwa wameficha maradhi yao kwa miaka walijitokeza pamoja. Twayataja haya kwa kuwa yalionyesha jambo ambalo wenye kuandika sheria wakati mwingine hulisahau, kwamba mtu wa kwetu hachukii hospitali. Anachokiogopa ni karatasi ya malipo.

Sasa tuje kwa mpango uliopo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2023. Ilipita mahakamani zaidi ya mara moja; Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba haipatani na Katiba, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaruhusu kazi iendelee. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikashika mahali pake. Aliyekuwa na kadi ya zamani hakuhesabiwa kuwa amekwisha jiandikisha mpaka habari zake zithibitishwe upya.

Mifuko yake ni mitatu, na hapa twaomba usikivu, maana mzozo mwingi tulioupokea ofisini watokana na kutoitenga. Wa kwanza ni wa huduma za msingi: zahanati na vituo vya afya, karibu na nyumbani. Huko aliyejiandikisha hutibiwa hata kama hajatoa mchango. Wa pili ni wa bima yenyewe, na huu ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua katika hospitali kubwa. Mlango wake haufunguki ila kwa mchango uliolipwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito, nao huingia pale ambapo fedha za mfuko wa pili zimekwisha, kama ilivyo kwa wenye saratani. Basi mama aliyejiandikisha kijijini, akapata dawa bure katika zahanati, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa na kuambiwa alipe, hakudanganywa na mtu. Ametoka mfuko mmoja akaingia mwingine.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Anayepata Sh. 20,000/- hukatwa 550/-, na zamani alikatwa 750/-, huyu amepunguziwa. Anayepata Sh. 100,000/- hukatwa 2,750/-, na zamani hakuvuka 1,700/-. Vijana wetu wa ofisini wamelalamika, na haki yao kulalamika. Lakini kwamba mwenye kingi atoe kingi, hilo ndilo lililofanya ngwatio ya mama zetu isimame, ambapo mwenye jembe zuri hakuulizwa kwa nini analima zaidi.

Taabu kubwa iko kwa mkulima na mchuuzi. Huyu hana karatasi ya mshahara, basi huulizwa maswali: nyumba yake imeezekwa kwa nini, choo chake ni cha namna gani, ana mifugo kiasi gani. Kutokana na majibu, mashine humpangia mchango. (Tangu lini mzee wa kwetu akahesabu ng'ombe wake mbele ya mgeni? Tumeona fomu ambazo, ukizisoma, wilaya nzima ya zamani ya Nyeri haina ng'ombe.) Kiasi kilicho chini kabisa ni Sh. 300/- kwa mwezi. Ila asiye na mshahara hatakiwi kulipa kwa mwezi, hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Kwa hiyo 300/- hugeuka 3,600/-, na aliyepangiwa 600/- huhitaji 7,200/- mkononi siku moja. Mwenye majani ya chai hupata malipo madogo ya kila mwezi, na bonasi yake huja kama mwezi wa Oktoba. Mwenye kahawa hungoja chama chake cha ushirika. Bima yake ikiisha Januari, mwezi wa karo, atalipaje? Serikali yenyewe imeliona hilo, na mwaka 2025 ikatangaza mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Ni msaada, ingawa mkopo ni mkopo.

Jambo la pili latuhusu sisi wenye mvi. Mchango wa mtu humfunika yeye, mke au mume wake, na watoto wake wanaomtegemea. Haumfuniki baba wala mama yake. Wazazi wengi wanakaa wakijua kwamba mwana aliye Nairobi amewalipia, naye mwana ajua amelipa. Wote wawili wasema kweli, na mzee hana bima. Kila mzee lazima ajiandikishe kwa kitambulisho chake mwenyewe, na mchango wake ulipwe kwa jina lake. Kadhalika, zamani ruhusa ya matibabu ilitumwa kwa namba ya siri katika simu, na simu ya mzee mara nyingi iko kwa mjukuu. Mwaka 2025 alama za vidole zilianza kuchukua mahali pa namba hiyo. Wazee ambao vidole vyao vimesuguliwa na jembe hata mashine haivisomi waende na mtu wa nyumbani ili asaidie kueleza.

Hatutawatendea haki waganga na wauguzi tusipotaja upande wao. Hospitali humtibu mgonjwa leo, hupeleka madai, kisha hungoja. NHIF ilipoondoka iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi. Machi 2025 Rais aliagiza kwamba vituo vinavyodai Sh. milioni 10 au chini yake vilipwe, na madai yaliyozidi hapo yakaguliwe kwanza. Katika miezi ile hospitali kadhaa za binafsi nchini zilitaka fedha taslimu. Ukaguzi nao ulikuwa na sababu, kwa maana kuna waliodai malipo ya wagonjwa wasiokuwapo, na mwizi wa namna hiyo humwibia mgonjwa wa kweli. Lakini hospitali ya misheni yenye kununua dawa kwa deni hailishi wauguzi wake kwa ahadi. Mwanachama wetu mmoja, aliyekuwa amelipa mwaka wote, alitakiwa atoe amana kabla mkewe hajapokelewa katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Alikuwa na haki yake kamili katika karatasi, na mfukoni hakuwa na kitu. Sanduku letu ndilo lililotoa amana ile siku hiyo hiyo, nayo ilirudishwa baadaye.

Kwa ajili ya mambo hayo, Halmashauri haiwezi kuunga mkono kulivunja Sanduku. Wala haikubaliani na wanaotaka libaki vile vile. Zamani lilikuwa likilipa hesabu za hospitali, na hesabu moja ya saratani ingeweza kulimaliza lote. Kazi hiyo tuiachie bima, ambayo mikono yake ni mipana kuliko yetu. Usafishaji wa damu kwa wenye maradhi ya figo, kwa mfano, mpango mpya ulipoanza uliwekewa Sh. 10,650/- kwa kila safari, na mgonjwa huenda mara mbili kwa juma. Chama gani cha kijiji chaweza mzigo huo?

Twaleta mapendekezo matatu. Sanduku limlipie mwanachama asiye na mshahara mchango wake wa mwaka mzima, bila riba, naye arudishe baada ya bonasi au malipo ya kahawa. Mzee aliyepita miaka 70 asiye na mtoto wa kumsaidia alipiwe, asidaiwe. Na sehemu ya fedha iwekwe kando kwa amana, nauli, na dawa zisizopatikana dirishani. Anayekopa asiporudisha kwa miaka miwili, jina lake liletwe mbele ya wazee, si mahakamani.

Mweka hazina atasoma hesabu baada ya chai, kisha kura. Walio na vitambulisho vyao leo wamwone katibu msaidizi kwenye meza iliyo karibu na mlango. Atabonyeza *147# katika simu na kumwangalizia kila mmoja kama ameandikishwa. Wazee watangulie.