Barabara ya Wajerumani wa Brazil

Leo nakupandisha mlima. Tunaanzia São Leopoldo, mji wa bondeni katika jimbo la Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazil. Watalii wanaijua njia hii kwa jina la Rota Romântica. Inapita Ivoti, Dois Irmãos na Nova Petrópolis, kona baada ya kona, hadi Gramado, zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, ambako hata Mbrazili huvaa sweta.

Njiani utakuta nyumba zenye mihimili ya mbao inayoonekana ukutani, keki, soseji na bia. Nyingine ni nyumba za wakulima wa zamani kweli. Nyingine, hasa Gramado, zimejengwa kwa ajili ya kamera ya mgeni.

Wajerumani hawa si wale tuliowajua sisi, wenye boma na kiboko. Kundi la kwanza, watu 39, lilifika São Leopoldo tarehe 25 Julai 1824. Walikuwa wakulima na mafundi walioahidiwa ardhi na serikali ya mfalme. Ardhi ambayo, tuseme kweli, ilikuwa na wenyewe, Wakaingang. Mwaka 1902, huko Nova Petrópolis, Padri Theodor Amstad aliwaunganisha wakulima wakaanzisha chama cha kuweka na kukopa, cha kwanza katika Amerika ya Kilatini.

Lakini linalonisumbua ni lugha. Wengi walisema lahaja iitwayo Hunsrik. Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas iliamuru shule zao zifundishe kwa Kireno. Mwaka 1942, mwaka ambao Brazil iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, kusema Kijerumani hadharani kukawa kosa, na watu wakakamatwa. Hebu mfikirie bibi wa mlimani asiyejua Kireno, amekwenda dukani kununua chumvi. Atafanya nini zaidi ya kunyoosha kidole?

Wazazi wengi wakaona heri watoto wasiirithi. Mwaka 2012 jimbo hilohilo likaitangaza Hunsrik kuwa urithi wake.

Leo mgeni akishuka kwenye basi, Kijerumani atakisoma kwenye kibao cha duka la keki. Akitaka kukisikia kikisemwa, aiache barabara kuu, aingie mashambani, awatafute wazee.