Kamera ya Joto na Jicho Lililofunzwa

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi zenye baridi kali, zikiwamo Sweden na Kanada, zilianza kuchunguza kwa makini joto la nyumba lilikuwa likipotelea wapi. Kamera inayopokea mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, yaani infraredi, ikawa msaada mkubwa. Iliweza kuonyesha penye ufa, unyevu au upungufu wa vizuia-joto ukutani pasipo kubomoa hata tofali moja.

Hata hivyo, chombo hicho hakitoi hukumu. Kamera haipenyi ukuta. Hupokea tu mionzi itokayo kwenye uso wake. Bati linalong'aa hurudisha taswira ya anga, likaonekana baridi hali lina joto. Ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa huweza kuficha dosari zilizomo. Asiyeyajua hayo ataona kasoro mahali isipokuwapo na kuipita ile iliyopo, na gharama itamwangukia mwenye nyumba.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lililotoa kanuni ya uchunguzi huo mwaka 1983, halikuishia hapo. Mwaka 2015 lilitoa kanuni nyingine inayohusu watu wenyewe: anayeendesha kamera, anayefasiri picha na anayeandika taarifa. Kila mmoja anatakiwa awe na sifa zinazolingana na kazi yake.

Fundisho hilo lazihusu pia nchi za Afrika Mashariki, ijapokuwa katika miji yake mingi adui wa majengo ni jua na mvua, wala si theluji. Sehemu ya paa tambarare iliyoficha maji hukawia kupoa baada ya jua kutua. Mkaguzi aliyefunzwa huisubiri saa hiyo, asiyefunzwa hupiga picha adhuhuri. Tena picha ya joto haipimi nguvu ya zege. Katika miji iliyokwisha kuzika watu walioangukiwa na majengo, kama Nairobi mwaka 2016, cheti cha usalama kinachotegemea picha hiyo peke yake ni hatari kwa wapangaji.

Kununua kamera ni kazi ya siku moja. Kumwandaa mkaguzi huchukua muda. Hapana budi vyuo vya ufundi, bodi za wahandisi na mashirika ya viwango yashirikiane kuhakikisha kwamba anayetia sahihi taarifa ya ukaguzi anakijua anachokitazama.