Mtoto Wako na Daktari wa Meno: Mpeleke Kabla ya Maumivu

Mama, baba, nyanya, dada unayelea mtoto wa mwenzio, sogea karibu na redio. Leo tunazungumzia meno ya mtoto, na hasa ile safari ambayo wengi wetu huiogopa: safari ya kwenda kwa daktari wa meno.

Hebu nikuulize. Ni mara ngapi umesikia, au umesema mwenyewe, "Ukizidi kulia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano"? Au, "Endelea kula peremende, utang'olewa meno yote"? Mtoto hunyamaza, nasi tukaona tumefaulu. Lakini maneno yale ameyaweka moyoni. Siku jino litakapomuuma kweli, yule tuliyemfanya zimwi ndiye atakayehitajika kumsaidia. Mtoto atafunga mdomo, atarusha mateke, na kazi ya dakika kumi itageuka vita.

Kosa lingine ni kusubiri mpaka mtoto alie usiku kucha. Kufikia hapo uozo mara nyingi umeingia hadi kwenye mshipa wa fahamu wa jino, na huenda njia iliyobaki ni kung'oa. Basi mtoto anakutana na daktari wa meno kwa mara ya kwanza akiwa hajalala, hajala, ana uchungu, na anashikwa na watu wawili. Atakubali vipi kurudi? Kuna watu wazima ambao wameacha meno yao kuoza kwa sababu ya siku moja kama hiyo. Kwa hivyo jambo ninalotaka ulishike leo ni hili: mpeleke mtoto akiwa hana maumivu. Ukiwahi, matibabu huwa mepesi, na mtoto hujenga imani.

Najua kuna anayesema, "Lakini hayo si meno ya maziwa tu? Si yatang'oka?" Ndiyo, yatang'oka, lakini si leo wala kesho. Mtoto ana meno ya maziwa 20. La kwanza huota akiwa na miezi 6 hivi, na afikapo miaka 3 kwa kawaida yote yameota. Ya mbele huanza kung'oka karibu na miaka 6, lakini magego ya maziwa hukaa mpaka miaka 10, 11 au hata 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 bado lina kazi ya kutafuna kwa miaka 6 au zaidi. Pia huwekea nafasi jino la ukubwani. Na likiachwa lioze, linaweza kutunga usaha na kuvimbisha shavu.

Sasa, utajuaje mapema? Mara moja kwa mwezi, keti mahali penye mwanga, inua mdomo wa juu wa mtoto na utazame meno ya mbele, karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, huo ni mwanzo wa uozo. Ukiona kahawia au tundu, uozo umeendelea. Tazama na magego pia. Usingoje aseme anaumwa. Unapompeleka kliniki kwa chanjo, mwombe muuguzi atazame kinywa. Ni vyema mtoto aonwe meno mara ya kwanza kabla hajafikisha mwaka mmoja.

Wale mnaoishi sehemu za Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, mnajua kuna maji yenye floraidi nyingi, na watoto wengine huota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia. Hayo si lazima yawe uozo. Mwonyeshe mhudumu wa meno, atakueleza tofauti.

Tuje kwenye maandalizi. Siku chache kabla ya safari, mweleze mtoto kwa maneno machache na ya kweli: "Tutaenda kwa daktari wa meno. Atahesabu meno yako kwa kioo kidogo." Kisha chezeni mchezo. Yeye akae kitini, wewe uhesabu meno yake kwa kijiko. Mbadilishane, naye ahesabu yako. Usitaje sindano, damu wala kung'oa. Wala usimwahidi, "Hutasikia chochote," kwani akisikia kidogo tu, hatakuamini tena. Mwambie, "Daktari atakuambia kila kitu kabla hajafanya." Waombe ndugu zake wakubwa na majirani pia wasimtishe.

Siku yenyewe, nenda asubuhi kama unaweza, mtoto akiwa amelala vizuri na ameshakula, isipokuwa umeambiwa asile. Beba kijitabu chake cha kliniki, na umweleze mhudumu kama mtoto ana ugonjwa wowote au anatumia dawa.

Mkiingia, mhudumu mzuri humwambia mtoto atakachofanya, humwonyesha kifaa, ndipo hufanya. Kama mtoto ni mdogo, chini ya miaka 3, wewe na mhudumu mnaweza kukaa mkitazamana, magoti yakigusana. Unampakata mtoto akikutazama, kisha mnamlaza taratibu, kichwa kikiwa mapajani mwa mhudumu. Anaona uso wako, nawe unamshika mikono. Akilia, usione aibu wala usimchape. Kubalianeni na mtoto kwamba akiinua mkono, kazi itasimama kidogo.

Sasa sikiliza vizuri hapa, mama, kwa maana wengi hawajui kwamba si kila jino bovu hung'olewa au kuchimbwa kwa mashine. Kuna matibabu ya upole.

La kwanza ni kupaka floraidi juu ya meno yenye mistari meupe. Hupakwa kwa brashi ndogo, haiumi, na husaidia jino kupata nguvu tena.

La pili ni dawa iitwayo silva daiamini floraidi. Hupakwa kwenye tundu, bila sindano wala mashine, ili kusimamisha uozo. Huenda ikahitaji kurudiwa baada ya miezi kadhaa. Ila ujue, sehemu iliyooza itabaki nyeusi kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu.

La tatu ni kuziba jino kwa vifaa vya mkono. Mhudumu hukwangua uozo laini, kisha hujaza dawa inayogeuka ngumu. Njia hii ilianzishwa hapa jirani, Tanzania, miaka ya 1980, na haihitaji umeme. Mara nyingi hata sindano haihitajiki.

La nne, kwa magego, ni kofia ndogo ya chuma inayovikwa juu ya jino na kufungia uozo ndani usipate chakula. Mtoto huona jino limeinuka kwa siku chache, kisha huzoea.

Si kila kituo kina haya yote, na jino lenye usaha halifai kupakwa tu. Lakini una haki ya kuuliza: "Daktari, kuna njia nyingine kabla ya kung'oa? Nikingoja itakuwaje?" Ikibidi kung'oa, omba fizi ipakwe dawa ya ganzi kwanza, kabla ya sindano, kama ipo. Baadaye usimpe chakula mpaka ganzi iishe, asije akajitafuna mdomo.

Na hili halingoji: shavu au jicho likivimba, mtoto akiwa na homa, akishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Usimtie tumbaku, mafuta ya taa wala maji ya betri kwenye jino. Dawa za kununua dukani zinaweza kupoza maumivu, lakini tundu litabaki pale pale.

Kabla sijakuaga, turudie kwa ufupi. Usimtishe mtoto kwa daktari. Inua mdomo utazame kila mwezi. Mpige mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, na punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Punguza soda, biskuti na chupa yenye chai ya sukari, hasa usiku. Na umpeleke mapema, akiwa bado anacheka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla mtoto hajalala, mwinue mdomo utazame. Ukiona doa, kesho usiipitishe.